Kumwamkia Nsofu

Tuliondoka Katuba kabla wauza mikate hawajapita,
mjomba Chewe kavaa koti la harusi yake ya mwaka sabini na nne,
vifungo viwili vya shaba, cha tatu cha plastiki,
na mfuko wa ndizi magotini kama mtu aendaye hospitali.
"Mnakwenda kumwona mgonjwa?" dereva aliuliza.
"Ndugu," alisema mjomba. Basi.

Sisi ni Bena Nsofu, ukoo wa tembo.
Mama alininyonyesha ukoo huo pamoja na maziwa,
naye alinyonyeshwa na mama yake,
na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona tembo
isipokuwa kwenye kitenge, wa kijani,
akijirudia kila baada ya shubiri mbili.

Barabara ya Kasenga ni vumbi na baiskeli za makala.
Zilitujia zikisukumwa, magunia manne manne,
ungedhani msitu wenyewe unahamia mjini kwa miguu.
Penye kila kichuguu mjomba alirefusha shingo.
"Yule?"
"Kichuguu, mjomba."
"Na yule?"
"Kichuguu."
Baada ya cha saba akaacha kuuliza,
akawa anavigusia kofia vyote,
asije akampita mtu mzima bila salamu.

Kambi haina lango. Ina kamba, bendera iliyofifia,
na mlinzi aitwaye Kipili, mtu wa Bena Bowa, ukoo wa uyoga.
Alipojua sisi ni nani akashika kiuno:
"Kumbe ni nyinyi! Ndugu zenu wanakanyaga uyoga wetu
tangu enzi za mababu. Lipeni kwanza."
Mjomba akatoa ndizi moja, akaimenya taratibu,
akaila mwenyewe mbele yake.
Walicheka mpaka mjomba akashikwa na kikohozi kile,
kile cha tanuru, miaka thelathini na mmoja ya moshi.
Kipili akamshika mgongo. Utani ndivyo ulivyo:
anayekudai uyoga leo ndiye atakayekuchimbia kaburi.

Kisha miti ikasogea.

Watatu. Wala hawakuwa wa kijivu.
Walikuwa wekundu, wamejimwagia ardhi yetu,
rangi ya shaba ambayo bado haijasuguliwa.
Wa mbele, jike, mguu wa nyuma ana pete ya kovu
pale waya wa mtego ulipomng'ata.
Siku tatu, Kipili alisema, alitembea akiuburuta mti mzima.

Mjomba alivua kofia.
Akashuka chini, goti, mkono, goti la pili,
akapiga makofi ya polepole, viganja vikiwa na shimo katikati,
kama anavyoamkiwa mkwe,
akamtajia jina la bibi, na jina la mama yangu,
na la Kabwe aliyefunikwa na udongo wa mgodi
tukakosa cha kuzika.
Mmoja mmoja, bila haraka,
kama mjumbe aliyechelewa na anajua amechelewa.

Sijui mimi nilingoja nini.
Mkonga ulikuja, ukapumua juu ya mkono wake,
ule wenye vidole vitatu na nusu,
ukatulia penye pengo,
ukalipapasa, ukarudi tena kulipapasa.
Halafu ukanyakua mfuko wa ndizi, plastiki na vyote,
na Kipili akaruka akipiga kelele, "Plastiki! Toa plastiki!"
wakavutana, mtu wa uyoga na nsofu,
mpaka mfuko ukapasuka na mjomba, bado amepiga magoti,
akaanza kuokota ndizi na kuzitoa moja moja.

Kurudi, hakutazama kichuguu hata kimoja.
Aliuweka mkono juu ya paja, kiganja juu,
tope limekauka mpaka kwenye kiwiko cha koti.
Dereva alituangalia kwenye kioo.
"Mgonjwa anaendeleaje?"
"Anakula," alisema mjomba.

Hakunawa mkono huo mpaka bukari ilipoletwa mezani.