Mgeni wa Mafuta

Kuopio, saa tisa alasiri, na jua limeshazama.
Ziwa limefunga ngozi ya barafu hadi ng'ambo.
Tuire anavua glavu za sufi, anavaa za mpira,
anafungua friji ya nyuzi themanini chini ya sifuri
na kutoa kichupa kisichojaa hata kijiko.

Ndani yake mna virusi vilivyonyang'anywa ugonjwa,
kama nyuki aliyeng'olewa mwiba akaachiwa mbawa.
Havizai. Haviui. Vinajua jambo moja: kubisha hodi.
Kila kimoja kimebeba barua moja, jeni moja.

Miaka miwili barua zilifika kusikotakiwa.
Ini, mlafi yule, lilizipokea zote,
likang'aa kijani chini ya darubini,
na mafuta yakabaki gizani,
nyumba iliyorukwa na tarishi.
Mimi nilikuwa naosha vichupa. Nilimsikia Tuire
akitoa tusi la kwao ambalo sitalitafsiri.

Ndipo akashona mkiani mwa barua mstari mfupi:
ini likiufungua, karatasi inachanika.

Watu hudhani mafuta ni mzigo,
kitu cha kufungwa mkanda na kuonewa haya.
Hawajamwona Irja, dada yake,
aliyezaliwa bila hayo:
mishipa imetuna kama kamba za hema,
damu nzito kama maziwa,
na njaa. Njaa ya usiku, njaa ya baada ya kula,
kwa kuwa anayetangaza shibe mwilini ni mafuta,
na kwake mtangazaji hakuzaliwa.
Mama yao alimpakia siagi mkateni hadi kisu kikachoka.

Leo, panya wa arobaini na moja.
Kipande cha mafuta ya kinena,
chembamba kama ganda la kitunguu.
Taa inazimwa.
Ini: jeusi.
Mafuta: kijani, kijani, seli kwa seli,
madirisha ya mtaa umeme uliporudi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Hatukupiga kelele. Tuire alihesabu upya, mara tatu.

Irja alipokuja kumchukua na gari
alisikiliza yote huku akitafuna mkate mweusi.
"Na mimi," akauliza, "mgeni wenu mtamkaribisha wapi?"

Tuire akamshika mkono, akaufungua.
Kiganjani, na nyayoni, mwili ulimsahaulia kidogo:
kijito cha kulalia, chini ya ngozi.
Akakibonyeza kwa kidole gumba,
polepole,
kama mtu anayejaribu mlango
asiojua bado una ufunguo gani.