Kuhesabu Wanga

Jumanne ya kwanza tulikuwa saba
kwenye mabenchi ya kliniki ya watoto,
magoti yakikaribia videvu,
mvua ya Tukuyu ikigonga bati kama mtu anayedai deni.
Sista Tulinagwe akafuta ubao kwa kiwiko,
akaandika neno moja tu:
WANGA.

Bibi Syabumi akakaza kitenge.
"Humu ndani, sista? Mchana huu?"
Tukacheka, ila si sote.

Mimi sikucheka.
Shangazi Kisa aliwataja kwa majina
siku nilipoanguka katikati ya mistari ya chai,
tenga bado mgongoni,
ulimi mzito, jasho la baridi:
mjane wa ng'ambo ya mto, mke wa fundi baiskeli.
Wanakula mtu polepole, alisema,
wanaanzia kwenye nguvu za miguu.
Kumbe nilichoma uniti kumi na nne
kwa kuwa kadi iliandika kumi na nne,
nikaenda kuchuma na tumbo tupu
kwa kuwa kadi haikusema neno juu ya tumbo.

Miaka sita niliitii kadi ile,
kama mpangaji anayelipia chumba ambacho hajawahi kufunguliwa.

"Wanga ndio hawa," Sista akasema,
akapanga mezani ndizi, gimbi, viazi viwili,
na mizani aliyoazima sokoni, bado inanuka dagaa.
Menya. Pima. Andika.
Ndizi yangu ilikuwa gramu themanini,
na ndani yake, wamejificha, ishirini na tano.
Mzee Ambonisye, karani wa posta zamani,
aligawanya kwa kidole hewani
kisha akapiga muhuri kwenye paja lake.
"Parachichi je?" mtu akauliza, sauti ya kuomba.
"Kula."
Chumba kizima kikashusha pumzi.

Jumanne ya tatu tulijifunza kushuka:
kutetemeka, njaa ya ghafla, hasira isiyo na sababu.
"Isiyo na sababu?" akasema Bibi Syabumi.
"Basi mume wangu kashuka tangu mwaka wa ndoa."
Sista alicheka mpaka chaki ikamponyoka,
halafu akatugawia sukari ndani ya karatasi zilizokunjwa,
kila mtu na yake,
ya kukaa mfukoni, si kabatini.

Ya nne, Sekela hakuja.
Yule wa kidato cha pili, mwenye sweta la shule,
ndiye aliyetufundisha njia ya mkato ya kugawanya.
Dawa ilikuwa imeisha kwao, na nauli pia.
Sista alisimama mbele ya ubao
na hakuandika hesabu hiyo.
Hakuna aliyemwuliza.
Mzee Ambonisye alivua kofia, akaipitisha, kimya,
kama anakusanya barua.

Ya tano alikuwepo.
Amekonda shingo,
daftari kalizungushia mfuko wa nailoni.
Alikaa palepale pake.

Jioni ile Shangazi aliinjika ndizi na maharage.
Sikuhitaji mizani; ngumi yangu ilishajifunza.
Midomo ikawa inacheza peke yake.
"Unanong'ona nini wewe?"
"Nahesabu wanga, Shangazi."
Upawa ukabaki hewani.
Akatazama mlango, migomba, giza la migombani.
"Wangapi?"
"Hamsini."
"Hamsini! Na umewaona wote?"
"Wako kwenye sahani."

Nikavuta uniti tano, nikainua sindano kwenye mwanga wa koroboi,
nikagonga povu kwa ukucha,
nikachoma ubavuni mwa kitovu, mbele yake,
mimi niliyezoea kuchomea chooni.

Hakusema kitu kwa muda mrefu.
Kisha akazamisha upawa chunguni,
akanitupia nusu ndizi,
akaikodolea macho kama inaweza kukimbia.
"Na huyu je?"

Nikamhesabu.