Jivu Halibishi Hodi

Siku ya tatu Menengai inaungua.
Kiamunyi kote kunanuka leleshwa.

Nimekata dalia saba, na waridi moja
lenye kiwavi; kiwavi nimemwacha.
Kopo la unga wa uji, maji nusu.
Mengine yamo ndooni, mlangoni,
na gunia lililoloa juu yake.

Jerotich apiga simu: "Umefunga mizigo?"
Namwambia bado, dalia moja imepinda.
Anyamaza. Nasikia mbwa wake akikohoa.

Jivu latua mezani bila hodi.
Napuliza petali. Latua tena.

Upepo ukigeukia huku
tutatoka na vyeti, na mbuzi, na blanketi la mama.
Dalia zitabaki dirishani
zimesimama kumngoja mgeni,
hata hiyo iliyopinda.