Hesabu ya Kadutu

Masta ya usimamizi, miaka miwili, dola elfu tatu:
mama aliilipa kwa sambaza, kikombe kwa kikombe.

Cirhuza, waliyesoma naye, anapima madini Kolwezi.
Nabintu anauza mega chini ya mwavuli.
Ansima amepata meza benki, kule Nyawera:
mia mbili hamsini kwa mwezi, mwezi ukikubali.
Bosi wake aliishia darasa la sita;
ni shemeji wa mkurugenzi.

Jumapili anafungua daftari la mama,
kurasa zinanuka samaki.
Mtaji. Ushuru. Chumvi. Ada ya Ansima.
Ada ya Ansima.
Anajumlisha mara mbili, kalamu inasita.

"Mama, mshahara wako uko mstari gani?"

Mama anapuliza makaa.
"Si ndio huo unaoniuliza?"