Nukta ya Kijani

Kibati kimefungwa kwa waya shingoni mwa vali:
0417, tarakimu zimekwanguliwa na theluji ya miaka sita.
Kwenye simu yangu vali hii ni nukta ya kijani.
Imerekebishwa. Jumanne, saa nne na dakika tisa asubuhi.
Fundi: D. Kadrmas.

Navua glavu moja kwa meno.
Skrini haitambui kidole kilichovaa sufu,
na baridi ya Dakota haibishi hodi,
huingia kuchani kwanza, jina huuliza baadaye.

Nainua kamera.
Kwa macho matupu: bomba, tangi, anga jeupe kama fomu isiyojazwa.
Kwa kamera: moshi usio moshi
unachomoza kando ya nati ya tatu,
unajinyonganyonga, unaelekea kwa ng'ombe wa mzee Sandvik
ambao wanatafuna tu, hawana habari.

Napulizia sabuni niliyoichanganya na dawa ya barafu.
Kiputo kinafura. Kinapasuka. Kinafura,
kama mtoto anayejifunza kutamka b.

Programu haina kinyongo, ina kumbukumbu.
Nikiigusa nukta ya kijani inafunguka mithili ya daftari la madeni:
picha ya zamani, saizi ya spana, muda uliotumika,
na chini kabisa, kwa maandishi ya sisimizi
ambayo hakuna anayeyasoma ila mwenye shaka,
mahali tiki ilipowekwa.

Si hapa.
Maili kumi na moja kusini,
egesho la mkahawa wa Wanda,
kati ya pampu ya dizeli na duka la chambo.

Delmar ni shemeji yangu.
Tulipomzika kaka yake hakusema neno,
Jumatatu akaniletea buti za kazi, saizi yangu hasa,
akanipandisha kwenye pikapu.
"Nati haikazwi kwa hasira, Ardis.
Robo mzunguko, halafu sikiliza."
Tangu Oktoba anashuka garini kwa mikono,
goti limemkataa.
Wote tunajua. Hakuna aliyeandika.
Programu ina visanduku mia na ishirini,
cha goti hakimo.

Natia spana. Robo.
Nasikiliza.
Robo nyingine.
Kiputo kinanywea, hakirudi.
Kwenye kamera bomba ni bomba tena.

Sasa simu inauliza, kwa adabu ya karani:
*Mvujo huu ni mpya, au ni ule ule?*
Ningegusa *mpya*, mambo yangekwisha hapa,
mimi, upepo, na ng'ombe wasioweza kushuhudia.
Lakini siku tatu gesi imetoka, usiku na mchana,
na nyumba ya Sandvik iko pale, naona nguo za mjukuu
zimeganda kwenye kamba, mikono imenyooka.

Ule ule.

Kidole kimekufa ganzi, sikuhisi nilipogusa.
*Hakuna mtandao,* simu inasema. *Taarifa inasubiri.*

Mnara wa karibu uko kaskazini, juu ya kilima:
dakika kumi, taarifa ingeruka yenyewe hadi Denver
kwa kijana mwenye kiti cha magurudumu madogo
ambaye hajawahi kunusa kisima.
Nakata usukani kusini.

Njia nzima najaribu maneno.
Yote yanaanza vizuri, yote yanaishia kwenye goti.

Kwa Wanda dirisha limejaa mvuke.
Namwona, mgongo wake, kofia ileile,
mguu mmoja ameunyoosha juu ya kiti kingine.
Nasukuma mlango, na papo hapo,
mfukoni, simu inatetema mara moja:
mtandao umepatikana.

Delmar anageuka. Anaziangalia buti, kisha uso wangu.
Taratibu, kwa mikono miwili,
anauteremsha mguu
anipishe kiti.