Maini

Kwanza ujue kwamba rangi ilikosewa.
Mwaka wa themanini na mbili, karne ile ya moshi,
vijana kumi na mmoja wa kiwanda cha rangi, Askerdale,
waliiba pipa usiku, wakatumbukiza fulana zao
wakitaka nyekundu ya kutisha watu.
Ikatoka rangi ya maini.

Bibi yake bibi yangu, Hephzibah Ollerenshaw,
ndiye aliyezianika. Alicheka hadi akakaa chini,
kisha akazisugua, akazinusa, akasema:
zimeshika hizi, hazitoki tena.

Mataji kawaulize wenye kabati la vioo:
ubingwa mara tisa, kombe mara tano,
na ile fainali ya penalti ya dakika ya mwisho
tulipokatwa maini
mbele ya watu waliotuita Maini.
Mimi wa ukoo wa mabeseni.
Nitakuhesabia madoa.

Doa la bia, jezi ya nahodha Cuthbert Aspinall,
usiku wa kombe la kwanza.
Hephzibah alikataa kulifua.
Liache linuke, alisema, tumelilipia.

Halafu vita. Jezi zikakunjwa kwa karatasi ya nta,
miaka minne, nondo wakala walichokula.
Waliporudi kuzivaa walikuwa sita.
Tano zilizobaki walipewa wadogo wa marehemu,
zikawapwaya mabegani,
na msimu mzima hakuna aliyethubutu kuzipunguza.

Bibi yangu Nellie hakununua gazeti la michezo.
Jumatatu alfajiri alisoma mechi kwenye beseni:
tope mgongoni, tulilemewa;
tope magotini, mtu alifunga akateleza kwa furaha.
Enzi za kocha Ezra Clegg, mchimba makaa
aliyewafundisha pasi za chini chini, kama watu wanaonong'ona,
ubingwa ulikuja miaka mitatu mfululizo
na maji ya Nellie yalikuwa karibu meupe.
Jasho tu. Tope walikwenda nalo wageni.

Mvuliwa nguo huchutama.
Kiwanda kilifungwa, na sisi tukachutama
daraja la nne, miaka kumi na saba,
watazamaji mia nane, mvua, na mbwa wa Entwistle
aliyeingia bure na kuondoka kabla ya mapumziko.
Mama yangu Doreen alitia viraka juu ya viraka.

Golini alisimama Desmond Braithwaite,
mtoto wa kondakta aliyetoka Jamaika.
Jumamosi moja mama alikuta mate kwenye jezi yake.
Mate ya nyuma ya goli letu. Ya watu wetu,
wanaonunua mkate dukani tunakonunua.
Alisugua hadi vidole vikapasuka.
Doa lilitoka siku ileile kwenye kitambaa.
Mama alikufa nalo.

Kisha akaja tajiri, sijui hasa wa wapi,
na uwanja wa vioo, na jina la benki vifuani.
Nguo ya kuazima haisitiri matako, jirani alisema.
Kweli. Lakini tulibeba ubingwa mara nne ndani ya miaka sita
nami nilishangilia kwa sauti yangu yote,
matako wazi.

Siku hizi hakuna wa kufua.
Jezi huvaliwa mara moja, hurushwa jukwaani
kwa mtoto mwenye bango la kuomba.
Nasikia kosa la pipa lile lina namba yake kwenye kompyuta,
wanalikosea vilevile kila msimu, kwa bei.

Mjukuu wangu alidaka moja mwezi wa tatu.
Akaniletea ina majani begani, bibi, ifue wewe.
Nilitoa beseni la Nellie, sabuni ya mche, maji ya baridi.
Nilipoikamua, maji yakageuka rangi.

Nikayamwaga uani taratibu.
Jezi iko kambani. Mtoto bado hajauliza.