Maziwa Kati ya Mistari

Barua za bibi Subilaga zilirudi Tukuyu
ndani ya bati la biskuti,
na kofia ngumu ya babu, ya mgodini.
Aliandika mwenyewe; shemeji yake Anyosisye
alizisoma kwanza, neno kwa neno,
ndipo alambe bahasha.
"Hatujambo. Migomba imezaa. Mvua haina adabu."
Ila kati ya mistari karatasi imejikunja kidogo,
kama utando wa maziwa yaliyopoa.

Ukitaka kujaribu: maziwa mabichi, si mtindi.
Ujiti wa fagio, uuchonge,
uguse karatasi kama shavu la mtoto
aliyelala sasa hivi tu.
Acha ikauke. Kwetu hiyo ni kazi,
ukungu wa Rungwe huingia bila hodi na kukalia kiti.
Kisha wino juu yake, salamu nyingi;
salamu hazichunguzwi na mtu.
Limau nalo hufaa. Kitunguu pia,
ila kitunguu huchongea kwa harufu.
Atakayepokea apitishe pasi ya mkaa, isiwe kali.

Nikapitisha. Nilitarajia mapenzi.
Ikapanda polepole rangi ya chai:
*Kaka yako amemuuza yule ng'ombe mwekundu.
Pesa mtumie mwalimu Ambokile, si yeye.*
Na pembeni kabisa, hafifu:
*Mguu wa kushoto, bado unauma kwa baridi?*

Barua kumi na tisa.
Hakuna hata moja iliyokuwa imeguswa na moto.
Miaka yote ile babu alisoma habari za mvua,
akatuma pesa kwa kaka yake.
Pasi ya kwanza ni yangu.

Bibi sasa yuko Masoko,
kwa mabinti wa Anyosisye,
wanaomfungulia barua kabla hajavaa miwani.
Kwa hiyo maziwa nimeyanywa.
Nimemwandikia hivi, naye anajua
kushuka na ukingo wa kushoto:

Ndizi zimeiva, mbili nimekula.
Imenyesha tangu Jumapili bila kupumua.
Mbuzi ametafuna kamba yake tena.
Eti majani ya chai yamepanda bei.
Kofia ya babu nimeipangusa.
Ukungu umefika mlangoni.
Soksi nyekundu nimekufumia.
Oka viazi, nitaleta chumvi.
Mkaa wenu usiumalize.
Asubuhi nakuja na pasi.